Mpangaji katika Chumba cha Mtoto

Jumanne, Gatitu

Kariuki ananiambia ati nitulie. Nitatulia vipi?

Nimetoka kazini jioni nikakuta viatu vya mwanaume mlangoni. Ndani ya chumba cha mtoto, kile nilichopaka rangi mwenyewe na hili tumbo la miezi saba, mwalimu kijana alikuwa anatandika kitanda. Kariuki amempangisha bila kuniambia neno, mimi bibi yake.

"Benki haitangoja ujifungue," akaniambia jikoni. "Wakiuza hii nyumba, huyo mtoto atalala wapi?"

Najua. Mkopo unameza mshahara wake wote, na wangu ndio tunakula. Hata mimi naogopa. Angeniuliza, pengine ningekubali.

Lakini mwalimu alipokuja kunisalimu, aliona tumbo akashtuka.

"Pole, madam. Mzee aliniambia hapa hakuna mtoto, wala hamtarajii. Nilikuwa natafuta mahali hakuna kelele, nisahihishe mitihani."

Wala hamtarajii.

Na jana tu Kariuki alikuwa ameweka sikio kwa hili tumbo, akicheka, ati anamsikia mtoto wake akipiga teke.