Dirisha Langu la Rubongi

Jumanne, 26 Agosti 2025

Mama amefagia ua mara tatu leo. Ua wenyewe si wetu, ni wa mwenye ploti hapa Busia, na leo haikuwa hata zamu yetu. Akiwa na wasiwasi hufagia. Sababu: amepata nyumba! Rubongi, karibu na Tororo. Matofali, mabati, vyumba vitatu. Muuzaji ni Mzee Othieno.

Nimepewa daftari langu la zamani la hesabu niandike maswali. Mama anataja, mimi naandika. Majirani wanaijua mipaka? Kisima kiko mbali? Mvua ikinyesha, choo kinajaa? Nani mwingine ana haki pale? Hilo la mwisho ameniambia nilipigie mistari miwili. Baba alipofariki, baba wadogo waliuza nyumba yetu ya Lumino. Mama alijua siku mnunuzi alipofika na futi ya kupimia. Alikuwa anaanika dagaa wa omena.

“Safari hii sitaki kushtuliwa,” amesema.

Karatasi zitakuwa za Kiingereza. Mama aliishia darasa la tano, anasoma Kiswahili tu. Mimi nilisoma praimari ng'ambo, upande wa Kenya, sasa sekondari huku Uganda, kwa hiyo mimi ndiye macho yake. Kusoma naweza. Kusema mbele za watu — hapo najificha nyuma ya Mama.

Alhamisi, 28 Agosti

Tumeenda Rubongi kwenye mvua, makusudi. Mzee Othieno alishangaa: nyinyi mnatembea hivi kama bata? Mama akasema nyumba ya jua kila mtu anaipenda. Akasimama katikati ya kila chumba, anatazama juu. Tone moja tu, jikoni.

Chumba cha nyuma kina dirisha. Ukifungua unaliona Jiwe la Tororo lote, ule mwamba mrefu, mpaka kichwani. Mama akasema, bila hata kunitazama, hiki kitakuwa chako.

Changu! Hapa nalala nyuma ya pazia na mdogo wangu Kate, ana miaka saba na anapiga mateke kama punda.

Jumapili, 31 Agosti

Presha ya Mama ilipanda juzi. Nesi amemwambia apumzishe kichwa. Kwa hiyo tuna sheria mpya: wakati wa kula, na Jumapili yote, hakuna nyumba. Anayeitaja anaosha sufuria. Mama ameosha mara tatu! Ya tatu alisema tu “mabati”, Kate akapiga makofi. Tumecheka. Mama amekula akamaliza sahani, kitu ambacho sijaona wiki nzima.

Jumatano, 3 Septemba

Tumerudi kutembea mipaka. Majirani wote walikuja na mwenyekiti wa kijiji, Bwana Oketcho. Wanatembea kutoka mkonge mmoja wa mpaka hadi mwingine, wanabishana, wanacheka. Mimi nilitumwa jikoni kumsaidia mke wa Mzee Othieno. Anaitwa Mama Abbo. Alikuwa anamenya mihogo.

“Wewe msichana nasema kidogo sana,” aliniambia. “Kama kuku nalalia mayai.”

Nikacheka kidogo. Ananipenda, nadhani. Kisha akauliza:

“Sasa nyinyi nakaa miezi ngapi?”

Sikuelewa. Miezi?

“Mzee nasema nyinyi ni wapangaji. Mwaka moja. Mimi nakwenda kwa binti yangu Joan, nasaidia yeye na mtoto, halafu narudi. Ile mihogo nyuma ya choo musing'oe. Mwaka kesho ndiyo iko tayari.”

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa na maneno, kwa lugha mbili. Nikasema: ndiyo, mama.

NDIYO, MAMA!

Ijumaa, 5 Septemba

Sijamwambia Mama.

Jana jioni nilitaka, tukiwa tunakula. Nikajiambia, sheria ni sheria, wakati wa kula hakuna nyumba. Uongo. Sufuria naosha kila siku, ningeogopa sufuria?

Leo amepitia daftari na mimi. Kisima — vema. Mipaka — vema. Nani mwingine ana haki? Mama amesema Mzee Othieno kamhakikishia, mke wake amekubali na ataweka kidole. Akaniambia niweke alama. Nikaweka. Labda Mzee atamweleza mkewe leo. Labda kishamweleza.

Wacha niandike ukweli hapa, hakuna anayesoma. Watu husema nina haya. Mwalimu, shangazi, wote. Ni kweli. Lakini hili si haya. Ni dirisha. Nikisema, dirisha linakwenda. Na Mama analala vizuri siku hizi.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika nyuma ya jiko la Rubongi, kwenye kurasa za mwisho za daftari la maswali. Nimesema naenda choo.

Wote wako sebuleni. Mwenyekiti Oketcho alikuwa ameshatoa muhuri mfukoni. Majirani wawili mashahidi. Kuku anaiva — Mama Abbo ndiye anapika, tangu asubuhi. Mwenyekiti akasema tuweke sahihi haraka, chakula kinanukia. Mama akasema hapana. Binti yangu asome kwanza. Kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu asikie.

“Ah, mama, hiyo ni Kiingereza ya kawaida tu!” Mzee Othieno akacheka. Peke yake.

Nikasoma. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Mstari wa kwanza mpaka wa sita: majina, ukubwa, mikonge. Wa saba niliusoma kwa macho kwanza: unasema mke wa muuzaji, Abbo, ameelezwa na amekubali nyumba iuzwe. Chini yake kuna alama ya kidole tayari. Ya bluu, imekauka.

Wakati huo huo Mama Abbo akaingia na beseni na birika, atunawishe mikono. Akanipa tabasamu. Nikaweka karatasi chini. Nikaomba kutoka.

Nawasikia kutoka hapa. Mzee Othieno anasema mtoto kaogopa watu, tumalizie. Mama anasema haweki sahihi mpaka nirudi. Sauti yake imetulia kabisa. Ananiamini!

Mama Abbo amenifuata na kikombe. “Kunywa, mtoto. Kusoma nakausha koo.” Nimetazama mikono yake. Unga na masizi tu, wino wa bluu hakuna.

Nimekunywa. Nimefuta ile alama ya vema, karatasi imetoboka kidogo.

Mama ananiita. Mara ya pili sasa.

Nimemwambia Mama Abbo tuingie pamoja, akae karibu na mimi. Akashangaa: mimi nakwenda kufanya nini kule, kuku iko motoni?

Nimesema: kusikiliza.

Amenitazama sana. Sasa anatoa kuni, anafunika sufuria. Namngoja.