Aliyefuta Matokeo ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika kazini Kibaha, ofisi ya ugavi wa dawa, kabla ya wengine. Nikawasha skrini, nikafungua foleni ya matokeo, kompyuta inapopanga ripoti zake. Kazi ya kompyuta ya kuzigawia zahanati dawa iliendeshwa Ijumaa. Matokeo yake, yanayoonyesha nani kapangiwa na nani karukwa, hayapo. Wiki iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Kompyuta kuu haifuti yenyewe. Mtu ameiamuru.

Mama kapiga simu kutoka Chole. Zahanati haina dawa za presha tena. Sisi ndio tunaowapelekea.

Jumatano, 5 Machi
Namshuku Bwana Mushi, mkuu wetu. Nimemuuliza kuhusu matokeo, kasema, "Fuatilia kazi zako." Kisha akafunga mlango wa ofisi. Hana kawaida hiyo. Simwamini hata kidogo.

Mchana nimekula na Rehema, mwenzangu wa ofisini, kama siku zote. Nimemweleza. Kasema niache, nitajitafutia ubaya. Wali wake hakuumaliza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeongeza mstari mmoja kwenye maelekezo ya kazi ya dawa. Matokeo yaende kwenye foleni kama kawaida, na nakala iandikwe kwenye faili, sehemu yangu, ambako wengine hawawezi kufuta. Sijamwambia mtu. Hata Rehema.

Jioni nimelifungua. Kila kitu kimo. Chole: imerukwa. Namba ya zahanati ilibadilishwa, mpya ikaingizwa vibaya. Kosa la kuchapa tu! Na kuna mtu analificha.

Jumatatu, 10 Machi
Foleni tupu. Faili lipo.

Nimetafuta kwenye kumbukumbu za mashine nani kafuta. Nilikuwa tayari kuliona jina la Mushi. Ni Rehema. Nimesoma tena. Rehema.

Hata namba mpya aliiingiza yeye. Nimemfuata nyuma ya jengo. Kaanza kulia. Mkataba wake unakaribia kuisha, aliogopa hawatauongeza.
"Mama yangu yuko Chole, Rehema."
"Najua, dada."
Hilo "najua" ndilo limenichoma.

Jumanne, 11 Machi
Nimempelekea Mushi faili. Kasoma akiwa amesimama. Akapiga simu ghalani papo hapo, gari limeondoka mchana. Kumbe malalamiko ya Chole yalikuwa yanamfikia muda mrefu, na aliyekuwa akimshuku ni mimi. Kaniambia wazi. Sikukasirika. Na mimi nilikuwa nimeshamhukumu.

Nimetaja jina la Rehema. Nilitamani nisiulizwe. Niliulizwa.

Jumapili, 16 Machi
Chole, kwa Mama. Dawa zimefika. Leo kapika mwenyewe, kizunguzungu kimepungua.

Rehema hakufukuzwa. Wamemwondoa kwenye mashine, yuko ghalani. Kanitumia ujumbe. Sijajibu.

Mama kauliza mbona sikuja naye, amezoea kutuona wawili. Nimesema ana kazi nyingi. Wakati wa kuondoka kafunga mihogo kwenye mfuko.
"Mpelekee mwenzio."
Nimeupokea.