Mabua ya Baba

Garsen, Jumatano, Mei 1956

Nimekasirika hata mkono unatetemeka. Mtetemeko wangu utatulia nikishalala. Wa Baba ndio umehamia mkononi mwake moja kwa moja.

Mabua yangu yamechomwa! Ni mabua ya mahindi niliyoyalaza sakafuni, moja kila hatua, kutoka kitandani kwa Baba hadi mlangoni. Akiona bua mbele yake, huinua mguu akalivuka. Bila bua huganda, kana kwamba nyayo zimenaswa na tope la mto.

Leo nimerudi kutoka shuleni nikamkuta Baba mdogo ameyawashia moto wa chai. Baba amesimama katikati ya chumba, amejikojolea.

"Anajifanya," Baba mdogo akaniambia. "Juzi kapiga kafi mtumbwini mpaka ng'ambo. Leo kutembea tu hawezi?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na dresa, yule msaidizi wa daktari pale zahanati. Ndani kabisa ya ubongo mna mahali panapoanzisha mwendo, na kwa Baba pameharibika. Nguvu za miguu anazo, anachokosa ni kuanza. Kafi lina mapigo yake, na bua analiona kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyomsukuma aanze.

Baba mdogo akacheka. Mimi, mtoto, nikamfokea mdogo wa baba yangu ndani ya nyumba ya baba yangu. Nilimwita mshenzi. Sijutii. Labda kesho...

Ndipo Baba akasema, kwa ile sauti yake iliyofifia, uso hausogei:

"Mwache, mwanangu. Hata mimi nikisimama pale huwa najiuliza kama najifanya."