Kijiwe cha Kulipia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya mjukuu wako ipokee pia, ameitoa kwa sauti ambayo nadhani umeisikia hata bila barua. Goti linasemaje? Shemeji ameniambia kuwa dawa ya kuchua imekwisha na umekataa kununuliwa nyingine kwa sababu inanuka. Nakuomba uikubali hivyo hivyo, Mama. Goti halina pua. Na miwani mpya, umeizoea? Kama bado unaivaa siku za wageni tu, basi leo nihesabu mimi mgeni, uivae, ukae penye mwanga, usome haya mwenyewe. Usimpe shemeji akusomee. Sababu utaiona huko mbele.

Sisi huku hatujambo. Chiriku ameng'oka meno mawili ya mbele lakini maneno hayajapungua, ila sasa yanatoka na upepo. Mwalimu wake wa darasa aliniita shuleni kunieleza kwamba mtoto ana akili, tatizo hanyamazi. Nilimjibu kuwa hilo kalirithi kwa bibi yake. Akaniuliza bibi wa upande gani, nami nikajifanya sikusikia. Unisamehe.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ikisikika sauti yako simu huwa si yangu tena, Chiriku anaipora na mimi naambulia kuaga. Halafu kwenye simu mimi humeza maneno, unanijua. Kwenye karatasi angalau neno likishatoka haliwezi kurudi kooni.

Juzi uliniuliza ni mahali gani huko ninakokwenda kila siku, ambako mtu analipa ili akae. Nimedokezwa pia kwamba kwa majirani umekuwa ukisema mkwe wako kajiunga na kijiwe cha kulipia. Nilicheka mpaka mjukuu wako akaja kunichungulia. Baadaye nikaona una haki ya kuelezwa vizuri, maana wewe ndiye uliyenituma.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Bosi wetu alipogundua kwamba sisi wachoraji wa ramani za nyumba tunaweza kuchora tukiwa popote, alifunga ofisi, akauza viti, akatuambia kila mtu afanyie kazi kwake. Wakati huo mke wangu, mwanao, alikuwa hai, na kwangu ilikuwa neema. Mimi nachora, yeye anapita na chai yake, anaegemea kiti changu na kuniambia hicho choo umekiweka machoni pa wageni, kisogeze. Naye siku zote alikuwa sahihi. Alipoondoka, meza ilibaki pale pale na kazi ilibaki ile ile, ila hakuna wa kuniambia nisogeze choo. Nikaanza kuongea na friji. Nilidhani ni siri yangu, kumbe Chiriku alikuwa akikuletea taarifa kamili, pamoja na majibu ya friji. Ndipo uliponipigia ukaniambia, kwa ukali ambao sijausahau, kwamba aliyezikwa ni mmoja, nisijihesabu wa pili, nitoke nikatafute watu.

Basi nikatoka. Hiyo ofisi ya pamoja iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ni ukumbi mmoja mrefu uliokuwa ghala la vioo, una meza ndefu zilizopangwa sambamba na madirisha, na soketi za umeme zinaning'inia kutoka darini. Mwanga wa asubuhi ni mzuri sana. Ila aliyepanga lile jiko lao dogo la pembeni hakuijua kazi, mlango ukifunguliwa unamgonga anayemimina maji ya moto. Mtu hulipia meza kwa siku au kwa mwezi, akapata kiti kisichouma mgongo, intaneti isiyokatika ovyo, na chai. Humo hakuna bosi wala karani, kila mtu mwajiri wake yuko kwingine. Yupo Mwalimu anayefundisha lugha watu wa nchi za mbali kupitia kompyuta, naye hufundishia ndani ya kibanda cha kioo kisichopitisha sauti, kwa hiyo sisi tunaona mikono tu ikirukaruka. Yupo dada wa bima, anayepokea simu za watu waliogongwa magari yao na kujibu matusi kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Na jirani yangu wa meza ni mwanamke mmoja anayehariri vitabu vya shule, wote tunamwita Mhariri.

Mwanzoni nilijiuliza kama unavyojiuliza wewe, kwa nini watu wenye meza zao nyumbani waende kulipia ya mtu mwingine. Dada wa bima alinieleza kwamba nyumbani akishatukanwa anabaki na tusi lake peke yake mpaka jioni, lakini hapa akikata simu kuna mtu anamsogezea biskuti. Mwalimu kwake kuna pacha wa miaka miwili, sina haja ya kukueleza zaidi. Watu wanaongezeka kila mwezi, mpaka msimamizi amekodi na ghorofa ya juu, na bado wapo wanaosubiri meza. Hata kwenye kazi yangu nimeliona hilo. Zamani wateja waliniomba nisiwasahaulie chumba cha kufanyia kazi, tena chenye mlango wa kufunga. Siku hizi wapo wanaoniambia nikifute, niwapanulie sebule.

Ila nisikudanganye, mwanzo wangu ulikuwa mchungu, na kosa lilikuwa langu, ingawa na wewe una mkono wako humo. Watu wa pale wana desturi yao ambayo haijaandikwa popote. Kikombe chako kikisimama mezani kama kawaida, maana yake unaweza kusemeshwa. Ukikipindua, maana yake kazi imekubana, uachwe. Sasa mimi kwako nilifundishwa, na mwanao akanikazia, kwamba kikombe kikishaoshwa hakiachwi mdomo wazi kukaribisha nzi. Kwa hiyo kila siku nilikunywa chai yangu mapema, nikaosha kikombe, nikakipindua mezani juu ya kitambaa safi, nikaanza kuchora nikiwa nimeridhika na malezi yangu. Na kila siku hakuna aliyenisemesha. Nikiingia nawasalimia, wanaitikia vizuri, halafu kimya. Wakipita kwenye meza yangu wananyata kama wanapita mlangoni kwa mgonjwa. Nikajisemea hawa ni watu wa maringo, wamesoma mpaka wamesahau utu. Nami nikanuna. Nikaazimia nisilipie mwezi mwingine, bora friji yangu.

Kumbe na wao walikuwa na yao. Asubuhi moja Mhariri alisimama mbele yangu, akaomba radhi kwa kunisumbua, akasema ana swali moja tu na halihusu kazi. Alitaka kujua watu wa humo wamenikosea nini, kwa sababu tangu nihamie pale sijataka kusemeshwa hata siku moja, na dada wa bima ameanza kuamini mimi ni mpelelezi wa kampuni yake. Nilimwambia nisiyesemeshwa ni mimi. Akaniuliza, basi hicho kikombe? Nikamweleza habari za nzi. Mama, yule mwanamke alicheka mpaka akashika meza kwa mikono miwili. Mwalimu alimwona kupitia kioo, akaacha wanafunzi wake hewani, akaja kuuliza kuna nini. Wakaja wote, kila mmoja na maneno aliyokuwa amenitunzia kwa muda wote ule. Siku hiyo sikuchora hata ukuta mmoja.

Tangu hapo pale pamekuwa kama kwetu. Gari la shule humshusha Chiriku pale pale chini, kwa wauza magodoro, naye hupanda ngazi akianza habari zake kabla hajafika juu. Wamemtengea kiti pembeni ya Mhariri, ambaye humpa kurasa za vitabu vipya azisome kwa sauti ya chini, aone watoto wanajikwaa wapi. Chiriku alimwambia wazi kwamba mtoto wa hadithi mojawapo ni mtiifu kupita kiasi, hakuna mtoto wa namna hiyo duniani. Mhariri akafikiri, akaiandika upya, mtoto akavunja sahani na kumsingizia paka. Mjukuu wako sasa anatembea kifua mbele, eti ametunga kitabu.

Kuna siku nilirudi kutoka kwenye simu nikamkuta Mhariri anamsuka. Unajua mimi nywele zinanishinda, mtoto alikuwa anakwenda shule na vifundo viwili visivyolingana na hakuna aliyenilaumu kwa huruma tu. Chiriku alikuwa amekaa chini ameegemea magoti yake, anamhadithia habari za mama yake, hospitali, na jinsi alivyokuwa akimwimbia akimwogesha. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni nisiwakatishe. Mhariri hakumwambia asahau, wala hakumwambia asilie. Alimwuliza tu wimbo wenyewe ulikuwa unaanzaje. Mtoto akauimba wote. Mama, nilikuwa sijausikia wimbo ule tangu msiba, na nilidhani mtoto ameusahau.

Sasa nimefika kwenye neno lenyewe. Kuna methali moja kuhusu mtu anayeficha na matokeo ya kuficha kwake, unaijua, ila haya inanizuia kuiandika mbele ya mama mkwe. Nampenda, Mama. Nimeshaandika, basi. Uliniambia nikatafute watu, nikawatafuta, na kati ya watu nimempata mtu.

Nilijikatalia muda mrefu. Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike mwanao, na bado nikimaliza kuchora nyumba huiangalia kwa macho yake kwanza, nione choo kimekaa wapi. Simsahau, na sitaki kusahau. Niliogopa kwamba kumpenda huyu ni kumzika yule mara ya pili. Lakini sioni hivyo tena, maana tangu Mhariri aanze kumwuliza Chiriku maswali, nyumbani kwetu mwanao anatajwa kila siku, na hapo kabla tulikuwa tunamkwepa.

Nilipopiga moyo konde nikamwambia, hakunipa jibu. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema kama mama yake Chiriku ana mama, na mama huyo hajui, basi na yeye hajasikia kitu. Akarudi kwenye kurasa zake. Wala hakuwa amekasirika, alinisogezea na biskuti. Lakini najua hatalizungumza tena mpaka wewe utakapokuwa umesoma barua hii.

Maneno ya watu siyaogopi sana. Watasema, watachoka. Ninachoogopa ni wewe. Mtu aliyefiwa na mke, kwa mama mkwe anabaki kuwa nani? Nimejiuliza hivyo kila unaponipigia simu, na kila ukiniita mwanangu roho inatulia kidogo, halafu inaanza tena. Mama aliyenizaa sikumjua. Siku nilipokuja kwenu kuposa nilikuja na mjomba, akasinzia katikati ya mazungumzo, na wazee wa kwenu wakaanza kutazamana. Wewe ndiye uliyetoka ndani ukasema mwacheni mzee apumzike, kijana anaonekana ana njaa, mleteni ale. Wengine walikuwa bado wananipima. Wewe ulikuwa umeshanichukua.

Mhariri ana wazazi, wote wazima, watu wa taratibu zao. Akikubali, watataka kuona nimekwenda kwao na nani. Mjomba yupo, na bado anasinzia. Lakini simtaki mjomba. Nakuomba wewe, Mama, uende ukaniposee.

Najua ninachokiomba. Namwomba mzazi aliyemzika binti yake avae nguo njema, aburute goti lake mpaka nyumba ya watu asiowajua, amtafutie mume wa binti yake mke mwingine. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa nikaikata, na kila nikiikata narudi pale pale, maana sina mtu mwingine ninayetaka akae upande wangu wa chumba. Ukiona ni kubwa mno, niambie hapana, nami sitauliza tena. Sitakununia. Chiriku atakuja likizo kama kawaida na dawa ya goti nitaituma. Lakini kama utaweza, na wale wazee wakikuuliza wewe ni nani wake huyu kijana, nataka wasikie kwa mdomo wako kwamba wewe ni mama yake.

Shemeji nisalimie, umwambie asinune kwa kutosomewa, nitamweleza mwenyewe ukishanijibu. Majirani nao salamu zao. Chiriku anasema usile karanga bila yeye. Nakuombea afya, Mama, na macho mazuri ya kusoma, na moyo wa kunisikiliza.

Mimi wako,
Baba Chiriku