Usiku wa Saa Saba Mchana

Jumatatu, 16 Juni

Nimefagia tena makapi ya mahindi. Huu ni mwaka wa pili tangu chumba hiki kiache kuwa stoo, na bado kila Jumatatu punje mbili tatu zinachomoza kwenye nyufa za sakafu. Panya nao hawajapata habari kwamba hapa sasa ni maktaba.

Mikeka ya mafunjo nimeianika na kuirudisha. Vitabu nimevipanga kwenye kreti za soda, vya picha chini, vya maneno mengi juu. Darasa la tatu wakaingia saa saba, baada ya uji. Arobaini na wawili. Wanalala kifudifudi, vitabu mbele ya pua, miguu juu inapunga hewa. Mimi nakaa mlangoni nawatazama mpaka nasahau madaftari ya kusahihisha. Mtu akiniuliza kazi yangu ni nini, nitamwambia nalinda usingizi wa watu walio macho.

Mmoja wao, Ajambo, bado hasomi kwa sauti. Anafunua kurasa, midomo inacheza, ukimsogelea midomo inafungwa. Nimejaribu biskuti. Nimejaribu kumpuuza. Wapi.

Jumatano, 18 Juni

Katoni mpya imefika. Ndani mna kitabu cha ngano za kwetu, sungura na fisi na kobe, wote wamevalishwa suruali. Nikawasomea. Mara ya kwanza kuwasomea ngano. Siku zote huwa ni vitabu vya usafi na vya mtoto mtiifu.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Fisi alipoanza kudanganywa, watoto waliacha kupumua. Palipokuwa na wimbo, waliuimba kabla sijamaliza mstari, kana kwamba walizaliwa nao. Mwanga ulikuwa umejaa vumbi linaloelea, na sauti yangu sikuijua. Kengele ililia hatukuisikia. Mwalimu wa hesabu alikuja kuwachukua akiwa amenuna.

Nasoma tu. Sisimulii. Kusoma si kusimulia. Hilo nililiamua zamani na sitalijadili hapa.

Nimefurahi leo. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 20 Juni

Ng'ombe wa Bibi Taaka amepotea. Bibi Taaka ndiye nyanya yake Ajambo, anayemlea. Ng'ombe mwekundu, pembe moja imekatika. Alikata kamba jana mchana akaondoka. Wengine wanasema ameonekana akivuka mto wa mpakani kuelekea Kenya bila kuulizwa kitambulisho.

Bibi alikuja mpaka dirishani kwangu. Watoto wote wako ndani wanasikia.

"Madam, wewe nasomea watoto hadithi mchana? Mchana kabisa, jua iko juu? Hadithi ya mchana inapoteza ng'ombe. Mama yako hakukuambia?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba sikusimulia, nilisoma kitabuni.

"Kitabu nayo iko na mdomo," akasema. Akamshika Ajambo mkono, wakaenda.

Mama yako hakukuambia. Hayo maneno hayatoki kichwani.

Jumatatu, 23 Juni

Watoto kumi na mmoja.

Mwalimu Mkuu, Bwana Othieno, alipita, akahesabu kwa macho, akapita tena. Baadaye akaniita ofisini. Mahindi ya uji wa muhula ujao yanaletwa katikati ya Julai. Kama chumba kinalala bure, basi kitarudi kwa mahindi, na vitabu vitafungwa kwenye katoni mpaka hapo mpango utakapopatikana. Amenipa mpaka Ijumaa, tarehe kumi na moja Julai. Atakuja mwenyewe kuona wanaosoma.

Si mtu mbaya. Amelelewa upande wa Rubongi na bibi mkali wa kabila la Japadhola. Aliniambia, akitazama nje, kwamba hata kwao hadithi ilikuwa ya usiku. Kisha akaongeza kwamba yeye hayaamini mambo hayo. Halafu akakohoa.

Katoni. Najua katoni zinavyokaa. Zikifungwa, mchwa ndio watakuwa wasomaji.

Jumatano, 25 Juni

Wanne. Wawili walikuja kwa sababu ya mvua.

Nimekasirika. Nimekasirikia bibi, ng'ombe, mto, wazazi wanaojua kutuma pesa kwa simu na bado wanaogopa sungura wa mchana. Nilicheka peke yangu chumbani, kicheko kibaya. Nikakiweka kitabu cha ngano juu kabisa, nyuma ya kamusi.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani wanawake wawili walihama benchi langu. Labda walikuwa wanafuata kivuli. Labda.

Acha niandike. Nani atasoma?

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikaa uani anapepeta nafaka ya wimbi, tumbo linamuuma tangu alfajiri. Jua la saa saba. Akaniambia, nisimulie kidogo, nisilisikie hili tumbo. Nikaanza ile ya chura aliyetumwa na wanyama kwenda kuomba mvua. Mama alicheka. Mama aliacha kupepeta ili asikie. Nilifika pale chura amefika nyumba ya mvua anabisha hodi, bibi yangu akatokea jikoni anapiga kelele, mchana, mchana, mnataka kutuua? Nikanyamaza. Jioni walimpakia mama kwenye baiskeli kumpeleka Masafu hospitali. Alikuwa ameshachelewa, hata madaktari walisema. Hakurudi.

Bibi hakunilaumu hata siku moja. Aliniangalia tu, matanga yote.

Tangu hapo sijamsimulia mtu chochote. Nikawa mwalimu wa kusoma. Kitabu kikizungumza, si mimi. Ndivyo nilivyojipangia, na nimekaa nyuma ya kitabu miaka thelathini. Chura yuko mlangoni mpaka leo.

Siamini. Naogopa. Yote mawili ni kweli.

Jumatatu, 30 Juni

Leo lazima niandike polepole.

Saa saba hakuna aliyekuja. Nilienda kuchota maji. Upepo ukavuma ule wa ghafla, nikasikia madirisha ya mbao yanajipiga, pa, pa, yote yakajifunga. Nikarudi kufungua. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ndani.

Giza, isipokuwa tundu moja la msumari kwenye mabati. Mwanga uliteremka humo mwembamba na kutua sakafuni, duara dogo jeupe. Ajambo alikuwa amelala kifudifudi pale. Alikuwa ametoroka nyumbani. Ameliweka duara juu ya ukurasa wa kile kitabu cha ngano nilichokificha na anasoma kwa sauti. Neno kwa neno, kidole kinafuata. Duara likisogea, anasogeza kitabu. Alisoma fisi, alisoma wimbo, aliuimba ule wimbo kwa sauti ya chini yenye mkwaruzo ambayo sikujua anayo.

Sikuingia. Nilisimama nje na ndoo kichwani mpaka shingo ikafa ganzi. Nililia, na sina aibu.

Alipotoka alinikuta. Akajua nimesikia. Nikamuuliza kwa nini leo. Akasema, "Madam, ndani ilikuwa usiku."

Jumanne, 1 Julai

Nimeomba magunia matupu jikoni. Ya mahindi, ndiyo. Mahindi yanataka chumba changu, basi na magunia yake yanisaidie kukilinda.

Nimeyapigilia kwenye mbao za madirisha. Nimeziba nyufa kwa udongo. Tundu la msumari nimeliacha.

Jioni nikaenda kwa Bibi Taaka. Kamba ya ng'ombe bado imefungwa mtini, imekatika. Nikamwambia: Bibi, kama shida ni mchana, nimeuondoa. Akaokota fimbo yake. Nilidhani ananifukuza. Akasema atakuja kuukagua huo usiku.

Ijumaa, 4 Julai

Alikuja na fimbo na khanga mpya, kama mtu anayekwenda kukagua mahari. Nikafunga mlango. Akanyoosha mkono mbele ya uso wake.

"Bado naona vidole."

Nikaongeza gunia. Tukafunga tena.

"Bado."

Tulichanganya samadi na udongo, yeye akielekeza, mimi nikiziba chini ya mlango, magoti yote yamechafuka. Mara ya tatu akanyoosha mkono tena. Nikasikia anashusha pumzi.

"Sasa ni usiku. Lakini hii tundu?"

Nikamwambia huo ni mwezi.

Alicheka! Sikutegemea. Meno machache, kicheko kikubwa. Kisha akasema neno ambalo sikuwa nimelifikiria: watoto hawaachwi na hadithi usiku bila mtu mzima wa nyumbani. Mimi mwalimu sihesabiki, ni mtu wa serikali. Kwa hiyo atakuwa anakuja yeye. Na anataka mkeka wa peke yake, karibu na ukuta, kwa ajili ya mgongo.

Nimempa mkeka wangu.

Jumatano, 9 Julai

Thelathini na tano. Bibi amepita nyumba hadi nyumba na kuwaambia wazazi kwamba huo usiku ameupima mwenyewe.

Tumeipata njia yetu. Madirisha yanafungwa, mlango unaachwa wazi kidogo mpaka wa mwisho aingie, kisha giza. Kila mtu anaketi. Usiku hakuna anayesimama, hiyo ni sheria ya Bibi. Mwezi unatua mkekani. Anayefikiwa na mwezi ndiye msomaji. Ukikuacha, unampa jirani kitabu. Wengine wanasikiliza tu, wanapumua. Mwezi hauna haraka. Leo katika nusu saa ulipita magoti ya watoto wawili, na hakuna aliyelalamika. Kidogo sana, najua. Lakini wakitoka nje wanafumba macho kwa jua, wanapepesuka wanacheka, halafu wanachukua vitabu na kwenda kuvisoma kwenye baraza mpaka kengele, ili zamu ikija wasiaibike. Sijawahi kuona watoto wakiuogopa mwezi namna hii.

Ajambo hakufikiwa. Alikaa kando ya Bibi. Midomo inacheza.

Ng'ombe hajapatikana. Nilimuuliza Bibi kama hilo si kitu tena kwake. Akasema ni kitu, tena kikubwa, lakini huyo alipotea mchana, haya ni ya usiku.

Keshokutwa Mkuu anakuja.

Ijumaa, 11 Julai

Alikuja saa saba kamili, daftari kwapani. Akataka kusimama mlangoni. Bibi Taaka akamwambia gizani, "Mkubwa, kaa chini. Usiku mtu nasimama, huyo ni mwizi."

Mwalimu Mkuu wa shule nzima akavua viatu akaketi mkekani, suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Watoto walibana vicheko.

Tukangoja mwezi. Mwezi hakuna. Wingu.

Sijui tulikaa muda gani. Giza lote. Nilisikia saa yake mkononi. Nilisikia mtoto anajikuna. Nikafikiri: ndivyo yanavyoisha, amekuja kuona wanaosoma na haoni hata ukuta. Kufungua dirisha ningeweza. Hatua tatu. Lakini ningefungua, Bibi angeinuka na watoto wangemfuata, na wasingerudi tena. Nikakaa. Nilitamani mama. Hivyo hivyo, kama mtoto.

Halafu ukaja. Dhaifu kwanza, kisha mweupe. Ukatua juu ya goti la Mwalimu Mkuu.

Sheria ni sheria. Kitabu kikapita mkono kwa mkono gizani mpaka kikafika kwake. Akakiinua, akakisogeza mbali, akakileta karibu. Miwani ameiacha ofisini. Niliona kidevu chake kinatafuta neno. Mtu mzima, na watoto thelathini na tano wanamngoja. Nilimhurumia, nikajihurumia zaidi.

Ajambo akatoka kwa Bibi yake. Alitambaa, kwa sababu usiku hakuna anayesimama. Akapiga magoti kando ya Mkuu, akaweka kidole kwenye duara, akamsomea. Sauti ile ya mkwaruzo. Ukurasa mzima, na wa pili. Kwenye wimbo watoto wote wakaingia, na sauti moja nene isiyojua maneno vizuri ikaingia pia. Ilikuwa ya Mkuu. Mwezi ulipoondoka gotini, hakumpa jirani kitabu. Alisahau.

Alitoka bila kuandika chochote kwenye daftari. Soksi zake zina makapi ya mahindi.

Jumatatu, 14 Julai

Mahindi yameletwa asubuhi. Magunia ishirini yamepangwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, hadi nyuma ya kiti chake. Ukienda kumwona unaingia kiubavu. Ameniuliza tu kama mwezi wetu unatoka kila siku.

Saa saba Ajambo aliufuata mwezi kwa kutambaa akasoma, hata kabla ya kufikiwa. Saa saba na nusu watoto wakarudi madarasani.

Bibi Taaka alibaki mkekani, mgongo ukutani. Nilidhani amelala. Nikaanza kukusanya vitabu kwa kupapasa. Duara likawa limefika pale ninapoketi mimi. Nikaketi. Likawa juu ya mikono yangu mitupu, sina kitabu.

Bibi akasema, "Mwezi iko kwako."

Nikaikunja mikono ndani ya ule mwanga. Kisha nikaanza. Wanyama, kiu, chura amechaguliwa kwa kuwa hakuna aliyemtaka. Safari ya chura. Nyumba ya mvua. Hodi. Hapo ndipo nilipoishia siku ile. Bibi hakunihimiza. Nikasema hodi mara ya pili, na mvua ikaitika, karibu, ikamfungulia.

Nilimaliza yote. Sikujua kama naikumbuka.

"Eh," Bibi akasema. Basi. Kisha akaniomba nimfungulie dirisha, anatafuta fimbo yake.