Vioo vya Kwenye Kaunta

Alexandria, Marekani, Alhamisi, Machi 1998

Bado naviwaza vile vioo. Wiki tatu nimevitazama kwenye michoro ya baa na kumbi za muziki za Uingereza, enzi za Malkia Victoria: vioo vya ukungu juu ya kaunta, vinafunguka kama vidirisha. Mteja aliagiza kinywaji na mhudumu akaona mkono tu. Sikuelewa. Mtu ambaye ameshaingia baa anamficha nani uso?

Profesa alicheka aliposikia nimefika sura ya tatu ya tasnifu yangu na sijawahi kukanyaga baa. Ningeikanyaga lini, na mama aliyenilea ameokoka? Basi leo mchana nikaingia moja karibu na mto, nikaagiza soda, nikaanza kuichora kaunta.

Kuinua macho, kule mwisho ameketi mzee wa kanisa letu, yule anayeongoza maombi ya Jumamosi Greenbelt. Bia mbele yake.

"Bwana asifiwe," akasema. Ilimtoka tu kwa mazoea.

"Amen," nikajibu, penseli mkononi.

Halafu akauliza polepole, "Dada, umefuata nini huku?"

"Utafiti, mzee."

Akaitazama bia yake. "Hata mimi," akasema.

Naiogopa Jumamosi. Sijui ni yeye atakayeniombea au ni mimi nitakayemwombea. Lakini tangu nirudi nimeandika kurasa nne kuhusu vile vioo bila kusimama.

Jina lake sijaliandika popote, hata humu shajarani ninamosoma peke yangu.