Miiba Niliyoitupa Pipani

Handsworth, Birmingham, 1973

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi kiwe kimekuachia. Mwili wangu hauna neno, ila roho yangu iko juu juu.

Unajua nafanya kazi jikoni kwenye mkahawa wa Mfaransa. Ijumaa hupika mchuzi wa samaki wa kwao, na lazima awemo samaki mmoja mwekundu, kichwa kikubwa, sura mbaya hata ukimtazama hamu inakwisha. Lakini mchuzi wake, wallahi, mtamu. Mgongoni ana miiba ya sumu kama tasi wetu. Niliambiwa nikiikata niifunge kwa magazeti kabla ya kuitupa. Nikajifanya mtoto wa pwani, nani wa kunifunza samaki! Nikaitupa hivi hivi pipani, kama tunavyoitupa ufukoni.

Mama Jaswinder, Kalasinga wa Kisumu anayeosha vyombo, akazishindilia taka kwa mkono, miiba ikamchoma.

"Athumani! Mkono yangu iko naungua! Fanya kitu!"

Nikakumbuka ulivyonifanyia nilipochomwa na tasi, nikauzamisha mkono wake katika maji ya moto ya kuvumilika. Mfaransa akadhani namchoma, akanivuta shati likachanika. Mama Jaswinder mwenyewe ndiye aliyesema niachwe. Maumivu yakapungua, ila mkono umevimba hadi kiwiko.

Mfaransa aliniuliza kama niliifunga miiba. Ulimi ukanitangulia, nikasema ndiyo. Basi ameamua kwamba mama yule alikuwa akipekua taka, na hamrudishi kazini. Mumewe hana kazi tangu waje huku.

Jana nilikwenda kumjulia hali. Akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto. "Kama si wewe, mkono yangu ilikuwa kwisha. Sasa wewe iko mtoto yangu." Chai sikuimaliza, nikaaga.

Naogopa, Mama. Kibali changu cha kazi ni cha mkahawa huu. Nikifukuzwa, sijui kama nitaruhusiwa kukaa. Naogopa polisi, namwogopa mumewe, na zaidi nayaogopa macho ya mama yule akishajua.

Nisalimie dada Mwanaisha na mjomba Salimu mshona viatu, lakini haya usiwasomee.

Nimeshavaa koti. Naanza kwa Mama Jaswinder, kisha kwa Mfaransa. Barua hii naitia posta kwanza, maana najijua: nikishakwambia wewe kwamba nimekwenda kusema ukweli, sitaweza kurudi nyumbani sijasema.

Mwanao,
Athumani